Mafunzo ya walimu yafanyike shambani

Walimu wetu wa mazingira hapa Dranya, wilayani Koboko, Uganda, wakiitwa mafunzoni, wapelekwe shambani. Kwa mfano, mbegu ya mshea ikikauka hufa. Lazima ipandwe ingali mbichi, na mti huchukua miaka 15 au zaidi kuzaa. Mwalimu aliyeshika udongo hayo hayasahau. Miti ya Koboko na Arua imepungua sana kwa makaa, matofali na mabanda ya kukaushia tumbaku. Amri ya Rais ya 2023 ilizuia biashara ya makaa kaskazini mwa Uganda, lakini mtoto anayetumwa kuni kila jioni anahitaji mwalimu anayejua kujenga jiko banifu, lisilokula kuni nyingi, kwa udongo wa hapahapa. Naomba sana wilaya iwaite pia wazee wanaoijua miti kwa majina ya Kikakwa, nao walipwe kama wakufunzi wengine.