Mgonjwa wa Akili na Meza Yake



Mwenzetu akivunjika mguu, chama hiki hakichelewi. Daftari la mchango hupitishwa meza kwa meza, wajumbe wawili hutumwa hospitali, na siku anayorudi kazini na mkongojo wake sote twainuka kumpa kiti. Ni desturi njema, nami naisifu. Lakini nauliza, ni kwa sababu gani daftari lile halikupitishwa mwaka jana, alipougua karani wa masijala ambaye wengi wetu twamjua, nami sitamtaja jina?

Alilazwa wiki saba kwa maradhi ya akili, akatibiwa, akarudi na cheti cha daktari kisemacho kwamba aweza kazi. Hakufukuzwa. Lau angalifukuzwa, ingalikuwako barua, na chama kingalikuwa na neno la kumjibu mkuu wa idara. Alilotendewa ni jingine. Ufunguo wa kabati la majalada ulichukuliwa, akaambiwa ni kwa muda tu. Rejista ya barua ikapewa kijana aliyeajiriwa juzi. Naye akawekewa meza karibu na dirisha, asipewe jalada hata moja. Huja asubuhi, hutia sahihi katika daftari la mahudhurio, hukaa mpaka saa ya kutoka. Mshahara hupata kamili, na wako walioniambia ya kuwa hiyo ni huruma. Huruma gani? Mtu ametoka katika ugonjwa uliomfanya ajione si kitu, nasi twamweka mahali pa kuambiwa hivyo kila siku.

Wala sisi makarani tusijitoe. Cheti kile kilikabidhiwa kwa afisa utumishi peke yake, lakini kabla ya saa ya chai ofisi nzima ilikuwa na habari. Hospitali ya Mirembe, inayotibu watu huko Dodoma tangu mwaka 1927, tumeigeuza jina lake kuwa tusi la kuchekea. Nami nakiri langu: siku chache alizopewa hesabu za stempu, nilizipitia kwa siri baada yake. Sikuona kosa lililozidi makosa yangu mwenyewe, wala sikumwambia mtu kwamba sikuliona.

Sheria haina mashaka juu ya jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, yakataza kumbagua mtumishi kwa sababu ya ulemavu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wawahesabu pamoja nao wenye maradhi ya akili ya muda mrefu. Sheria hiyo hiyo ya 2004 yatoa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili, wala haikupambanua ugonjwa wa kichwa na ugonjwa wa tumbo. Ni kweli kwamba yaruhusu kutazama mahitaji ya kazi yenyewe, na pengine ziko kazi zisizomfaa mgonjwa fulani. Basi na atazamwe yeye, na kazi yake, na neno la daktari wake. Hofu yetu si cheti.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019, katika kila watu wazima 100 wa umri wa kufanya kazi, kama 15 walikuwa na maradhi ya akili ya namna fulani. Ofisi yetu ina watumishi 40. Hesabu hiyo kila karani aweza kuifanya mwenyewe, na akiisha aulize kwa nini wengine hawasemi.

Sasa neno langu kwa chama. Kanuni ya mfuko wetu wa wagonjwa yasema mchango hutolewa kwa mwanachama "aliyelazwa kwa ajali au maradhi ya mwili." Katika mkutano ujao nitaomba maneno yafuatayo "aliyelazwa" yafutwe yote. Aidha nitaomba wajumbe wawili wamwendee mkuu wa idara kuuliza ile "kwa muda" ina urefu gani. Katibu amekwisha pokea hoja zote mbili, na karatasi ya kuziunga mkono iko mezani kwangu mpaka Ijumaa.

Ni mimi,
Karani Mwenzenu