Mwanao ni nani akiwa ndani ya gemu?

Wazazi wakizungumzia gemu, swali la kwanza huwa la muda: mtoto acheze saa ngapi kwa siku? Ni swali zuri, lakini peke yake halitoshi. Lipo jingine ambalo wachache huuliza: akiwa mle ndani, mwanangu ni nani?

Katika gemu nyingi mchezaji huchagua jina, sura, mavazi na hata kazi. Binti asiyefungua mdomo darasani anaweza kuwa kiongozi anayesikilizwa na kikosi kizima. Kijana anayetaniwa mtaani kwa wembamba wake anageuka shujaa mwenye kifua kipana. Mzazi anaona mtoto ameinamia simu tu, hajui kwamba mwenzake ametoka, yuko mahali pengine na ana jina lingine.

Kisa cha Mats Steen wa Norway kinafundisha mengi. Alizaliwa na Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaowapata zaidi watoto wa kiume na kudhoofisha misuli mwaka hadi mwaka. Akawa mtu wa kiti cha magurudumu, na miaka yake ya mwisho aliitumia kwa kiasi kikubwa mbele ya kompyuta akicheza World of Warcraft. Alifariki dunia mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 25.

Wazazi wake walijua anacheza. Kilichowaumiza ni kuamini kwamba mtoto wao ameondoka bila kuonja urafiki wala mapenzi. Baada ya msiba, baba yake aliandika taarifa ya kifo kwenye blogu ya Mats. Barua pepe zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali za Ulaya.

Waandishi wa barua hizo walimfahamu kwa jina la Ibelin, mpelelezi mwenye nguvu anayekimbia na kuwachekesha wenzake. Walikuwa wamecheza naye kwa miaka. Wapo aliowafariji walipokata tamaa. Mama mmoja wa Denmark alisaidiwa naye kumkaribia mwanawe mwenye usonji, kwa kucheza naye gemu hiyo hiyo. Baadhi yao walisafiri hadi Norway kumzika. Mwaka 2024 kisa hicho kilioneshwa duniani kupitia filamu ya Netflix, The Remarkable Life of Ibelin.

Lakini kisa hiki kina upande wa pili. Kwa miaka mingi Mats hakuwaambia marafiki hao kuwa ni mgonjwa. Ibelin alimpa mwili uliomkataa, na wakati huohuo akawa mahali pa kujificha. Gemu inaweza kufanya yote mawili kwa mtoto mmoja.

Basi mzazi atatofautishaje? Mtazame mtoto anapotoka kwenye gemu. Akitoka na stori, anakula, anasoma na kucheza na wenzake, pengine anajaribu tu kujua yeye ni mtu wa namna gani. Hiyo ni kazi ya kawaida ya ujana. Akiingia kila mara baada ya ugomvi nyumbani au siku mbaya shuleni, na akitoka mnyonge kuliko alivyoingia, huenda kuna jambo analikimbia. Ukimnyang'anya simu bila kulijua jambo hilo, umeziba mlango wa kutorokea, lakini kinachomfukuza bado kipo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linatambua uraibu wa gemu kama ugonjwa, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia kucheza, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea kucheza licha ya madhara yanayoonekana. Ili uitwe ugonjwa, hali hiyo lazima ivuruge masomo, familia au maisha ya kila siku, na kwa kawaida iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Ukiona dalili hizi, usingoje mwaka uishe. Mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili.

Kwa wengine, anzeni na mazungumzo. Kaa pembeni yake akicheza, umwombe akufundishe. Muulize: Humo unaitwa nani? Kwa nini ulichagua huyo? Unacheza na kina nani, na unawajua? Humo unaweza kufanya nini ambacho hapa nyumbani huwezi? Usicheke jibu, wala usiligeuze kuwa kesi. Muda wa kucheza na wa kulala mpangeni baadaye, ukiwa umeshajua unamnyima nini.

Wazazi wa Mats walikutana na Ibelin baada ya kifo cha mwana wao. Wewe mwanao yuko hapo sebuleni. Muulize leo.