Bibi Anaposahau Chumvi

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa unaoingia nyumbani polepole, bila kupiga hodi.

Tumfikirie bibi mmoja wa Bukavu. Miaka mingi aliuza maharagwe katika soko la Kadutu, wala hapakuwa na mtu wa kumdanganya hata franka moja. Siku moja amrudishia mnunuzi chenji mara mbili, na watoto wake wacheka. Mwezi unaofuata asahau chumvi katika sombe. Juma jingine aitia mara tatu. Kisha sufuria yaungua, naye ameketi kando yake akiitazama. Mwishowe atoka kanisani, afika penye njia panda aliyoipita tangu ujana wake, asijue ashike njia ipi. Jioni mtoto wa jirani amrudisha nyumbani. Bibi aona haya, asema: «Nilikwenda kumsalimu rafiki yangu.»

Hapo ndipo minong'ono inapoanza. Mmoja asema: «Ni uzee tu.» Mwingine asema: «Ajifanya, hataki kazi.» Na wa tatu, kwa sauti ya chini zaidi, auliza: «Alikuwa akitembea wapi?»

Twajua swali hilo laweza kufika wapi. Mwaka 2021, katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, wanawake wazee waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Hatusemi kwamba walikuwa na ugonjwa huu. Twasema tu kwamba mzee anayetangatanga usiku na kutoa maneno yasiyofuatana hushitakiwa upesi, naye hana akili iliyobaki ya kujitetea. Basi ni lazima wa nyumbani mwake waijue kweli kabla ya majirani kuzua uongo.

Kweli yenyewe ni hii. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt huko Ujerumani, mganga Alois Alzheimer alianza kumchunguza mwanamke mwenye miaka 51. Kabla ya kumpeleka hospitalini, mume wake alikuwa ameyaona haya: mkewe alikosea katika kupika, alizunguka-zunguka nyumbani bila sababu, na fedha za nyumba hakuzitunza tena vema. Je, si yale yale ya bibi yetu wa Kadutu? Mwanamke yule alifariki mwaka 1906. Mganga akautazama ubongo wake kwa darubini, akaona umeharibika. Hakuona uchawi, aliona ugonjwa. Leo ugonjwa huo waitwa kwa jina lake, nao ndio chanzo kikubwa cha kupungukiwa na akili uzeeni, ingawa si chanzo pekee.

Wengine hudhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2021 wagonjwa wa namna hii walikuwa milioni 57 duniani, na zaidi ya 60 katika kila 100 waliishi katika nchi maskini au zenye mapato ya kadiri. Hata Brazzaville, ng'ambo ya mto tu kutoka Kinshasa, waganga walipowapima watu wenye miaka 65 na zaidi, waliona karibu wagonjwa 7 katika kila 100.

Tutautambuaje basi? Kusahau jina la mgeni si kitu. Hata vijana husahau. Tazameni kazi za kila siku. Mwaka 1969, huko Marekani, Lawton na Brody waliandika kazi nane za kumpimia mzee: kutumia simu, kununua vitu, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa kwa wakati wake, na kushika fedha. Kazi hizi zataka akili ipange mambo mengi pamoja, na kwa hiyo ndizo zinazoharibika kwanza. Kuoga, kuvaa na kula huharibika baadaye sana. Ndiyo sababu mzee aweza kuonekana safi, amevaa vizuri, asalimu watu wote kwa adabu, kumbe hawezi tena kuhesabu noti tatu.

Lakini mlinganisheni na nafsi yake mwenyewe. Mzee ambaye hakupika maisha yake yote, asipojua kupika leo si dalili. Ulizeni hivi: ni kazi gani aliyoiweza mwaka jana, na sasa haiwezi?

Mkiona hivyo, mpelekeni kwa mganga, msikae na kungoja. Pengine ni shinikizo la damu, pengine tezi ya shingo, upungufu wa vitamini, dawa asizozipatana nazo, masikio mazito au huzuni kubwa baada ya kufiwa. Mengine ya hayo hutibika. Na kama akili imevurugika ghafula, kwa siku moja au mbili, kimbieni hospitalini: yaweza kuwa malaria au homa nyingine ya hatari. Ugonjwa wa Alzheimer wenyewe haujapata dawa ya kuuponya. Lakini matunzo mema humwezesha mgonjwa kuishi kwa heshima.

Matunzo hayo ni yapi? Jamaa nyingi hukosea kwa njia mbili. Wengine humwacha bibi peke yake na moto, na fedha, na njia. Wengine, kwa upendo, humnyang'anya kila kazi na kumketisha barazani kama mzigo. Huyo naye hufifia upesi. Heri kumwachia kazi, na kumsaidia pale tu anapokwama. Mikono yake yajua bado kutwanga sombe: basi na atwange, na mkwe wake atie chumvi na kuchunga moto. Yajua bado kuchambua maharagwe: basi na achambue, na mjukuu ashike fedha. Dawa zake azipokee mkononi mwa mtu mmoja, saa zile zile kila siku. Kanisani asiende peke yake, bali amshike mtoto mkono, naye aone kwamba ndiye anayemwongoza mtoto.

Akikosea, msimcheke, wala msishindane naye. Aliposema alikwenda kumsalimu rafiki, alikuwa akiificha aibu yake kwa kipande cha mwisho cha akili. Mwacheni nacho.

Neno la mwisho ni kwa ninyi mlio mbali. Mara nyingi mzigo huu wote huangukia binti mmoja aliyebaki nyumbani. Halali usiku, haendi sokoni, wala hapati shukrani. Ninyi wa Lubumbashi na Kinshasa hutuma fedha na kudhani mmemaliza. Fedha ni njema, lakini haziwezi kukesha. Njoni kwa zamu, binti huyo naye apate kulala.

Wahenga walisema: penye wazee haliharibiki neno. Wazee wetu walilinda maneno yetu tulipokuwa hatujui kusema. Sasa maneno yao yanapoharibika, ni zamu yetu kuyalinda.