Amri ya korti si pesa, wasee

Kila serikali ikishinda kesi ya mali ya wizi, mitandao inawaka. Mnapiga makofi, mnashea picha ya jumba, mnasonga na maisha. Siku hizi mimi nauliza tu: na pesa imeingia lini?

Cheki Windward Trading. Hii kampuni ilisajiliwa Jersey, kile kisiwa kidogo karibu na Ufaransa, na ilikuwa ikipokea hongo kutoka kwa kampuni za nje zilizokuwa na kandarasi na KPLC. Ndiyo, hao hao wa stima. Mambo hayo yalifanyika kati ya 1999 na 2001. Mwaka wa 2016 kampuni ikakiri makosa manne ya kutakatisha pesa, korti ya Jersey ikaamuru itwae zaidi ya pauni milioni 3. Makubaliano ya kuzirudisha Kenya, kama shilingi milioni 450 za kupambana na Korona, yakatiwa sahihi 2022.

Mtoto aliyezaliwa 1999 alikuwa na miaka 17 korti ikitoa amri, na 23 makubaliano yakifika. Hiyo ni rika yangu. Wengine wetu tulishaacha chuo kwa sababu ya karo, na pesa zilikuwa bado safarini.

Na baada ya 2016 hakukuwa na ushahidi wa kutafuta. Mwizi alikuwa amekiri! Ilibaki kukubaliana zitarudi vipi, na hata huo mkataba wa utaratibu ulikuja 2018. Sawa, Jersey siwalaumu sana. Hata mimi ningeuliza kwanza zikifika Nairobi zitalala kwa mfuko wa nani.

Shida ni kwamba kuzembea kuna bei. Uingereza, katika kesi ya Lloyd ya 2003, Mahakama Kuu ilisema amri ya kutwaa mali lazima itekelezwe kwa muda unaofaa. Serikali ikilala miaka, haiwezi kuamka ghafla na kumtupa mtu ndani kwa kutolipa. Mtasema hiyo ni kumtetea mwizi. Hapana. Unadai mtu, mdai. Ukinyamaza, wewe ndiye umempa zawadi.

Huku kwetu haraka ipo, lakini ni ya watu wadogo. Ukiwa na mkopo wa simu wa mia tano, pesa ikiingia tu, imekatwa. Kibanda cha mama mboga kinaangushwa usiku, asubuhi anaokota nyanya. Mkubwa akipewa amri, anakata rufaa, anaomba isimamishwe, na jumba linaendelea kumletea kodi.

Katiba, kifungu cha 159, inasema haki haitacheleweshwa. Basi EACC na ile Mamlaka ya Kurejesha Mali watupe jedwali moja, kila miezi mitatu: amri ilitolewa lini, ni ya pesa ngapi, zimeingia ngapi, na ni nani amekalia zilizobaki. Wakiposti ushindi mwingine bila hizo namba, tukutane kwenye komenti.