Nani Atakayetudhamini?

Katika vijiji vyetu vya Msowero neno dhamana hutajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni bidhaa ya magendo. Mtu akikamatwa Jumatatu na kuonekana gulioni Alhamisi, majirani hawaulizi shauri lake limepangwa kusikilizwa lini. Husema tu, “Ameinunua kesi.” Aliyelalamika naye hurudi nyumbani akiwa na uchungu mara mbili: kwa hasara aliyoipata, na kwa imani kwamba serikali imeuzwa mbele ya macho yake.

Tunaona kwamba imani hiyo ni ya hatari kuliko makosa mengi yanayofikishwa mahakamani. Wilaya yetu ya Kilosa inajua gharama yake. Mwezi Desemba mwaka 2000, katika mapambano ya wakulima na wafugaji, watu zaidi ya thelathini waliuawa Rudewa Mbuyuni, jirani zetu kwa njia ya kwenda Kilosa mjini. Hatusemi kwamba dhamana ndiyo iliyoleta maafa yale. Tunasema kwamba mahali ambapo mkulima aliyeliwa mahindi yake na mfugaji aliyekatwa ng'ombe wake kwa panga wote wawili wanaamini kuwa haki hununuliwa, hapahitajiki jambo kubwa ili watu waiache mahakama na kushika silaha.

Basi na ijulikane: dhamana haifuti kesi. Ni ahadi tu ya mshtakiwa, ikitiwa nguvu na ahadi ya mwingine, kwamba atafika mahakamani kila siku atakayoitwa. Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla ya kuthibitika kuwa ametenda kosa hilo. Katika shauri la Daudi Pete, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, na baadaye, mwaka 1991, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, walikibatilisha kifungu cha sheria kilichokuwa kikizuia dhamana kwa baadhi ya makosa, kwa kuwa kilikuwa kinapingana na Katiba hiyo. Tangu hapo hakuna mwenye haki ya kutuambia kuwa dhamana ni hisani ya ofisa.

Ni kweli kwamba yapo makosa yasiyo na dhamana, kama vile kuua kwa kukusudia, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwezi Mei mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kuwa zuio hilo linakwenda kinyume cha Katiba, lakini mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, na zuio likabaki. Wanasheria wataendelea kubishana. Sisi huku shida yetu kubwa haiko hapo. Watu wetu wengi hushtakiwa kwa kuingia katika shamba la mtu kwa jinai, kuharibu mali, shambulio, au wizi wa kawaida. Makosa hayo yana dhamana, na bado watu wanabaki mahabusu. Kwa nini?

Kwanza ni ujinga, na ujinga huo una watu wanaoulisha. Jamaa za mshtakiwa huuza gunia la mahindi na mbuzi wawili, humpa mtu “anayefahamiana na wakubwa” fedha za dhamana, wala hawapewi stakabadhi. Ukweli ni kwamba dhamana ya polisi hailipiwi. Mahakamani nako, kiasi kinachoandikwa katika hati ya dhamana, iwe shilingi laki tano au milioni mbili, kwa kawaida hakitolewi siku ile. Mdhamini hutia saini kwamba atawajibika kukilipa iwapo mshtakiwa atatoroka. Hakimu akiagiza fedha taslimu ziwekwe, huwekwa kwa stakabadhi ya serikali. Fedha isiyo na stakabadhi haiitwi dhamana, hata kama anayeipokea amevaa vizuri.

Pili ni masharti yenyewe, na hapa tuna neno na waheshimiwa mahakimu. Mdhamini huambiwa alete barua ya Mtendaji wa Kijiji na kitambulisho, hayo yanawezekana. Lakini mara nyingine huambiwa alete hati ya nyumba au ya kiwanja, au awe mtumishi wa serikali. Mkulima wa Msowero ana ekari nne za mpunga alizorithi kwa baba yake, nyumba ya tofali, na jina ambalo kijiji kizima kinalijua. Hana karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta hati ya hakimiliki ya kimila, lakini wengi wetu hatujaipata. Je, mtu huyu haaminiki? Mzee aliyekaa kijijini miaka hamsini ni vigumu zaidi kutoroka, na kumficha mtoro, kuliko mpangaji wa mjini mwenye karatasi nzuri. Masharti yaliyotungwa kwa ajili ya mwenye kiwanja Morogoro humfunga mwenye shamba kabla hajahukumiwa.

Kwa wafugaji sheria yenyewe ina mtego. Shtaka likihusu mali ya thamani iliyopita kiwango kilichotajwa, mshtakiwa hutakiwa kuweka nusu ya thamani hiyo, kwa fedha au kwa mali. Kwa miaka mingi kiwango hicho kilikuwa shilingi milioni kumi. Hesabuni wenyewe: ng'ombe 21, kila mmoja kwa laki tano, wamekwisha kukipita. Na kijana wa kuchunga, aliyetuhumiwa kwa kundi ambalo si lake, ataitoa wapi milioni tano?

Mwenye kesi hakai mahabusu peke yake. Akikamatwa mvua za masika zinapoanza, shamba lake halilimwi. Mke hupanda basi kwenda Kilosa na kurudi, na nauli ile ilikuwa ya mbegu. Siku atakapoachiwa kwa kukosekana ushahidi, hakuna atakayemrudishia msimu.

Tatu ni hofu yetu wenyewe, na hii hatuwezi kumlaumu hakimu. Wapo wanaotuambia kwamba Mithali imeonya juu ya kudhamini. Imeonya, ndiyo, na maneno yake yanamhusu anayejifunga kwa deni la mwenzake bila kufikiri. Lakini wasome pia Matendo ya Mitume, sura ya 17, wamwone Yasoni wa Thesalonike, aliyetozwa dhamana kwa sababu ya wageni aliowapokea nyumbani kwake. Hatumshauri mtu amdhamini asiyemjua. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini ataitwa ajieleze, na anaweza kulipishwa. Lakini sheria haikumfunga milele: akiona dalili za utoro anaweza kwenda mahakamani na kuomba aondolewe katika dhamana ile. Masharti yakiwa mazito mno, mshtakiwa naye anaweza kuomba Mahakama Kuu iyapunguze, nayo sasa ina masjala Morogoro. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, wanaweza kuwaonyesha njia.

Tunapendekeza kila jumuiya iwe na watu watatu au wanne walio tayari kudhamini, wenye vitambulisho vyao mkononi, na iwe tayari kuwadhamini wasio wa ukoo wala wa kabila lao. Mkaguru akimdhamini kijana wa Kimasai, gulio zima litazungumza, na tungependa lizungumze. Watendaji wa vijiji nao tunawaomba jambo dogo sana: barua ya utambulisho iandikwe siku ile ile inapoombwa, bila “ya soda”, kwa kuwa anayeisubiri analala sakafuni.