MAMBO YA MIFUGO: Mwana-mbuzi na Kiangazi

Katika kaunti za Homa Bay na Migori, mwezi wa Januari huleta mambo mawili yasiyopatana. Shule zafunguliwa na karo yatakiwa, na wakati huo huo jua limekausha malisho, nao mbuzi wamekonda. Mwenye mbuzi humpeleka sokoni mnyama wa mwaka mmoja. Mnunuzi humpapasa uti wa mgongo, kisha hutaja bei ya mnyama wa miezi sita. Mzee hukasirika, lakini mkono wa mnunuzi haukusema uongo.

Sababu yake haiko sokoni. Iko katika siku zile mwana-mbuzi alipoachishwa ziwa, akiwa na miezi mitatu au minne. Maziwa yamekwisha, na badala yake hupewa mabua ya mahindi, nyasi kavu, au vilele vya miwa kwa watu wa Awendo. Tumbo lajaa, mwili haukui. Maana ndani ya tumbo kubwa la mbuzi vimo vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo vinavyolainisha majani magumu, navyo vyahitaji protini. Chakula kikikaushwa na protini yake isifike sehemu 7 katika 100, vijidudu hivyo hudhoofika, na mabua ya mahindi mara nyingi hayafiki kiasi hicho. Ndipo mbuzi hupunguza kula ingawa mabua yamejaa mbele yake, na watu husema amerogwa au ana minyoo. Minyoo pengine anayo kweli, na dawa yake apewe. Lakini mnyama mwenye njaa hawezi kushindana nayo.

Chakula cha kuongeza chamea shambani. Marando ya viazi vitamu hayana uhaba Kabondo wakati wa kuvuna. Majani ya njugu karanga yafaa sana, yakianikwa vema yasiote ukungu. Kisha iko miti ya lusina na kaliandra. Wataalamu waliojaribu kaliandra huko Embu katika miaka ya 1990 waliona kwamba kilo 3 za majani mabichi zaweza kushika mahali pa kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Mwana-mbuzi wa kilo 12 atatosheka na karibu nusu kilo ya majani hayo kwa siku, pamoja na konzi ya pumba za mahindi na chumvi ya kulamba. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula chote, kwa kuwa ina sumu inayonyonyoa manyoya na kudhuru tezi ya shingo.

Wako wanaosikia habari za kuchanganya mbolea ya yurea na mabua, wakataka kuokoa fedha. Kwa mbuzi wachanga jambo hilo ni la hatari, na lisijaribiwe.

Miti hiyo yafaa kupandwa mvua za Machi zinapoanza, maana haikatwi kabla ya miezi 9 au mwaka. Tena majani yasimwagwe mbele ya kundi zima, kwa sababu beberu hula yote. Yatosha kujenga kizizi chenye mlango mwembamba ambao mtoto hupita na mkubwa hawezi, na kuyatundika humo ndani, mbali na mavi.