Kabla ya kubomoa nyumba ya susu, hati iko kwa jina la nani?

Nitasema hii na najua kuna maanko watanikasirikia. Nyumba ya susu isibomolewe bado.

Hiyo nyumba unaijua hata kama hujawahi kushuka Sultan Hamud. Matofali ya kuchoma, mabati yenye kutu, tangi la maji kando, mwembe mbele. Babu alipoijenga hapo palikuwa mashambani kabisa. Sasa mji umeifuata, malori ya Mombasa Road unayasikia ukiwa jikoni, na ghafla kila mtu kwa familia amekuwa mtaalamu wa ploti. "Hapa tukitoa hii kitu ya zamani, bedsita kumi zinaingia."

Sipingi kujenga. Sultan inahitaji keja, walimu na vijana wanapanga kila mwezi. Kinachoniudhi ni familia kumwita fundi kabla ya kuangalia karatasi. Mara nyingi hati bado iko kwa jina la babu, na babu tulimzika kitambo.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haina utani hapo. Kifungu cha 45 kinasema ukigusa mali ya marehemu bila idhini ya korti umefanya kosa, na unaweza kupigwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja. Kifungu cha 35 kinampa susu haki ya kuitumia hiyo mali maisha yake yote. Akiondoka, watoto wanagawana sawa. Imeandikwa watoto, haijaandikwa wavulana. Anti aliyeolewa Emali yumo.

Lakini kwa mikutano ya familia anti anaitwa kupika.

Halafu kuna broka. Broka atakuambia Konza inakuja. Manze, Konza iliwekewa jiwe la msingi Januari 2013. Ungekopa mwaka huo ukingoja wapangaji wa Konza, saa hii benki ndiyo ingekuwa landilodi wako. Atakuambia SGR. Treni ya abiria ilianza 2017, na ukitaka kuipanda unaenda Emali. Tumezoea wa kupita tu, hata jina la mji tulipewa na Sultani wa Zanzibar aliyekuja kuona reli ikijengwa, akarudi zake.

Hesabu tufanye basi. Tuseme vyumba kumi, 4,000 kila kimoja, vyote vimejaa (ndoto, lakini tuseme). Hiyo ni 480,000 kwa mwaka. KRA inataka ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi yote unayokusanya, yaani 36,000, na haiulizi kama bado una deni la saruji. Na maji je? Huku ni kukavu. Bomba la Nolturesh linatoka mbali, kule Loitokitok, na watu wanaolitegemea ni wengi. Mfereji ukikauka, familia moja inaweza kuvumilia na mitungi. Wapangaji kumi watakuhamia wiki hiyo hiyo.

Na pesa za kujenga zinatoka wapi? Benki haikopeshi kwa hati ya marehemu. Kwa hivyo anko mmoja mwenye kazi Nairobi anaanza kutuma pesa kidogo kidogo. Miaka mitatu baadaye mjengo umesimama, na yeye anasema ni wake kwa sababu risiti ni zake. Ndugu zake wanasema ardhi ni ya wote. Kila mtu ana ukweli wake na hakuna mwenye karatasi. Kesi za hivyo hazihitaji watu wabaya, na wakati zinaendelea susu anaishi kwa chumba kimoja nyuma ya vyumba vya wapangaji, mwembe umekatwa.

Mimi ningeacha nyumba yake vile ilivyo, nirekebishe mabati na mifereji ya paa, niongeze tangi. Hati ikishatoka kwa jina la babu, na kama susu mwenyewe amekubali, vyumba vinne upande wa barabara vinatosha kuanza, na kibali cha kaunti mkononi.

Ya hati si kazi ya kupendeza, hakuna mtu atatengeneza video yake. Cheti cha kifo, barua ya chifu, mnapeleka ombi kortini, Kilungu ama Makueni. Linatangazwa kwa Gazeti Rasmi, watu wanapewa siku 30 za kupinga. Kugawana kwenyewe kunathibitishwa baada ya miezi sita.

Angalia sana hiyo barua ya chifu, kwa sababu ndiyo inaorodhesha warithi, na ndipo maanti hupotelea. Kama susu alizaa saba na barua ina majina manne, mpigie anti simu leo. Akipinga ndani ya zile siku 30 anasikizwa mapema. Zikipita, itabidi aende kuomba korti ifute idhini iliyokwisha kutolewa, na wakili wa hiyo kazi atamlipa mwenyewe.